Shukrani kwa Wanaojitolea Katika Vita Dhidi ya Saratani

(Matini ya mazungumzo kwa wananchi)



Wazee wamesema: ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo. Msemo huo unawaelekea wananchi wa Unguja na Pemba wanaojitolea kuwasaidia wagonjwa wa saratani bila ya kudai ujira.

Kazi ya watu hao haina shangwe. Kwa miaka mingi wagonjwa wengi wa Visiwani wamevuka bahari kwenda Dar es Salaam, katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, iliyoanza kujitegemea mwaka 1996. Tiba ya mionzi aghalabu hutolewa siku hadi siku kwa wiki kadhaa. Mgonjwa asiye na jamaa huko humhitaji mtu wa kumshika mkono, kumpikia uji na kumtia moyo asiikatishe tiba. Mara nyingi mtu huyo ni mwenye kujitolea, aliyeacha shughuli na watoto wake nyumbani.

Hata hivyo, msaada ulio mkubwa zaidi hutolewa kabla ya safari hiyo. Uvimbe wa titi, mwanzoni, aghalabu hauumi. Kwa hiyo mwenye nao hunyamaza, ama kwa kuona haya, ama kwa kuchelea maneno ya watu. Mficha maradhi, kilio humfichua. Mama anayeaminika mtaani, akibisha hodi na kuzungumza na mwenziwe kwa faragha, huweza kumfikisha kituoni wakati tiba ingali nyepesi.

Saratani ya shingo ya kizazi, inayoongoza miongoni mwa wanawake wa Tanzania, inathibitisha jambo hilo. Mhudumu hupaka siki iliyopunguzwa makali, na sehemu yenye dalili hugeuka nyeupe. Majibu hupatikana papo hapo, na dalili hizo huweza kutibiwa kabla hazijageuka saratani. Aidha, chanjo ya kuikinga ilianza kutolewa kwa wasichana nchini kote mwaka 2018, na tangu mwaka 2024 dozi moja inatosha kwa wenye umri wa miaka 9 hadi 14. Lakini siki na chanjo hazina miguu. Wanaojitolea ndio wanaowafikisha watu penye huduma hizo.

Kwa hiyo shukrani za maneno matupu hazitoshi. Masheha wanaombwa kuwafungulia njia. Wenye uwezo wanaombwa kuwachangia nauli. Waume wanaombwa kuwaruhusu na kuwasindikiza wake zao kwenda kupimwa. Na kila mama atakayebishiwa hodi anaombwa afungue mlango, asikilize, kisha aende kituoni. Hiyo ndiyo shukrani ambayo wanaojitolea wanaingojea.

Mwenyezi Mungu awalipe kheri, na awaafu wagonjwa wote.