Chanjo Tunayoisubiri na Kidonge Kilichopo
Mada kwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, Bariadi



Kila ninapozungumza na watu kuhusu VVU, iwe mnadani au kwenye foleni ya kuuza pamba, swali moja halikosekani: "Chanjo inakuja lini?" Mara nyingi anayeuliza anajua kwamba vidonge vya kujikinga, yaani PrEP, vipo. Anachotaka kujua ni lini atapata kinga isiyomdai kukumbuka kila siku, wala kuficha kopo chini ya godoro.

Chanjo na kidonge vinatofautiana tangu namna vinavyofanya kazi mwilini. Chanjo huufundisha mwili kumtambua adui kabla hajafika, na mwili ukishajifunza hujilinda wenyewe. Kidonge hakifundishi. Dawa yake hukaa ndani ya seli ambazo virusi huzishambulia, na virusi vikiingia hushindwa kuzaliana. Ukiacha kumeza, dawa hupungua, na kinga huondoka nayo.

Kwa nini chanjo imechelewa? Mtoto akiugua surua akapona, haiugui tena. Kwa hiyo mwili wenyewe uliwaonyesha wanasayansi njia ya kuiga. Kwa VVU njia hiyo karibu haipo. Virusi hubadilika sura upesi, hujifunika sukari inayofanana na ya mwili wetu, na hujipachika kwenye vinasaba vya seli zile zile zilizopaswa kutulinda. Jaribio la Thailand lililotangazwa mwaka 2009 lilipunguza maambukizi kwa asilimia 31 tu, na hadi leo hakuna lililolipita kwa uthabiti.

Watanzania wamechangia katika safari hii, na natamani vijana wetu walijue hilo. Mwaka 2007 askari polisi wa Dar es Salaam walijitolea kuchanjwa chanjo ya majaribio Muhimbili. Kisha Desemba 2020 lilianza jaribio la PrEPVacc, lililokuwa na vituo Mbeya, Dar es Salaam, Masaka na Durban, likiongozwa na Profesa Pontiano Kaleebu wa Uganda. Watu 1,512 walijitolea. Chanjo na vidonge vilipimwa katika jaribio moja: wakati kinga ya chanjo ikijengeka, mshiriki alipewa vidonge vya kumlinda. Mwishoni mwa 2023 uchanjaji ulisimamishwa, kwa sababu takwimu zilionyesha kwamba hapakuwa na tumaini la chanjo zile kufanya kazi. Waliojitolea wanastahili heshima yetu yote.

Basi turudi kwenye kidonge. Mwaka 2011 majibu mawili yalitoka karibu kwa wakati mmoja, na kila mhudumu anapaswa kuyafahamu. Nchini Kenya na Uganda, jaribio la jozi 4,747 za wenza, ambao mmoja ana VVU na mwingine hana, lilionyesha kwamba kidonge chenye dawa mbili kilipunguza maambukizi kwa asilimia 75. Katika jaribio jingine, lililohusisha wanawake wa Bondo nchini Kenya na wa Afrika Kusini, kidonge kile kile hakikuonyesha faida yoyote. Damu ilipopimwa, wanawake waliokuwa wamemeza dawa siku za karibuni hawakufika asilimia 40.

Wengi wao walijiona hawamo hatarini. Lakini mimi naona tofauti nyingine, tena kubwa. Wale wenza walikuwa wakimeza huku nyumba ikijua. Yule wa Bondo mara nyingi alikuwa peke yake na kopo linalofanana na la ARV. Mchukulieni mama lishe wa Lamadi, pale barabara ya Mwanza kwenda Musoma, anayewauzia chakula madereva na wavuvi. Mumewe akisikia vidonge vikigongana kwenye mkoba, haulizi kinga, anauliza ugonjwa. Kesho yake kopo limetupwa chooni.

Sasa ipo sindano ya lenacapavir, inayochomwa mara mbili kwa mwaka. Katika jaribio lililofanyika Uganda na Afrika Kusini, kati ya wanawake 2,134 walioipata, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Kati ya 1,068 waliopewa kidonge cha kila siku, waliambukizwa 16. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza Julai 2025. Tahadhari: hiyo ni dawa, si chanjo. Miezi sita ikipita bila kuchomwa tena, kinga huisha. Mkiiita chanjo, watu hawatarudi.

Kwa kidonge, masharti mnayajua: kupima VVU kwanza na kila miezi mitatu, na kondomu kwa ajili ya kuzuia kaswende na kisonono. Ombi langu liko kwingine. Tarehe ya kurudi kliniki isigongane na siku za kupanda au kuvuna pamba. Mteja aruhusiwe kubeba dozi ya siku chache kwenye kifungashio kikavu kisichopiga kelele. Mwenza aalikwe, ila mwanamke akisema akigundulika atapigwa, msimlazimishe kusema.

Na mtu akiwauliza tena mnadani chanjo inakuja lini, mwambieni ukweli kwamba bado haijapatikana. Kisha muulizeni, kwa upole, nyumbani kwake vidonge ataviweka wapi.