Diski Moja, Kompyuta Nyingi: Kabla Hujakubali Kufomati

Mazungumzo yaliyotolewa na ofisa wa Mamlaka katika mkutano wa watumiaji



Nimeombwa nizungumze kuhusu diski za nje na flashi, vifaa ambavyo wengi wetu tunavyo mikobani hivi sasa. Kabla sijaingia katika mada, naomba niungame kosa langu, kwa kuwa ndilo lililonifundisha mengi ya haya nitakayoyasema.

Miezi michache baada ya kuhitimu chuo, mama yangu mdogo aliniletea diski ya harusi ya binti yake. Mpiga video alikuwa amemkabidhi kazi yote humo, pamoja na vipande ambavyo havikuhaririwa. "Mwanangu," aliniambia, "hebu nitazamie, kitu hiki hakifunguki." Nikaichomeka kwenye kompyuta mpakato yangu ya Windows. Ukatokea ujumbe kwamba diski inahitaji kufomatiwa kabla ya kutumika. Nilikuwa msomi, sikuuliza mtu, nikakubali. Diski ikafunguka ikiwa tupu, nami nikadhani mpiga video alisahau kuweka kazi yake. Ili nimfurahishe mama mdogo, nikamjazia filamu.

Mpiga video alikuwa bado na nakala ya video iliyokamilika, lakini vile vipande vingine alikwisha kuvifuta. Fundi alifaulu kuokoa baadhi. Kipande cha bibi yetu akimwombea dua mjukuu wake hakikupatikana, na bibi sasa hayupo.

Diski ile haikuwa mbovu. Ilikuwa imepangwa kwa mfumo wa faili wa kompyuta za Apple, na kompyuta yangu haikuufahamu mfumo huo.

Mfumo wa faili ni nini? Fikirini ghala na daftari la mtunza ghala. Mali imo ghalani, lakini anayetaka kuipata hulitazama daftari limwambie gunia lipi liko wapi. Diski nayo ina daftari lake, na kila kampuni ililiandika kwa namna yake. Kompyuta isiyoweza kusoma daftari hilo haisemi, "Sijui lugha hii." Windows huweza kuionyesha diski kana kwamba haina kitu, au ikapendekeza ifomatiwe. Kompyuta ya Apple nayo husema diski haisomeki, kisha hukupa vitufe, kimoja kikiwa cha kuitoa na kingine kimeandikwa "Initialize". Hicho cha pili ndicho cha kufuta. Kufomati ni kulitupa daftari la zamani na kufungua jipya. Kwa fomati ya haraka katika diski ya kawaida, mali yenyewe mara nyingi hubaki ghalani kwa muda, na ndiyo maana mafundi huweza kuokoa. Lakini kila unachoandika juu yake, kama filamu zangu zile, hufunika kilichokuwepo.

Basi ukikutana na ujumbe huo kwenye diski unayojua ina kitu, kataa, itoe, uijaribu katika kompyuta ya aina nyingine. Kama umekwisha kuifomati, usiandike humo hata faili moja. Ipeleke kwa fundi kama ilivyo.

Sasa tuje kwenye kuchagua. Majina mtakayoyaona ni machache. FAT32 ni ya mwaka 1996, na karibu kila kifaa huisoma: redio ya gari, runinga, mashine ya kutolea nakala. Kasoro yake ni moja, nayo ni kubwa: haipokei faili moja linalofika gigabaiti 4. Hapa ndipo watu wengi hulalamikia wauzaji bila haki. Mtu ana flashi ya gigabaiti 64, imebaki karibu yote, anataka kunakili video ya gigabaiti 6, anaambiwa faili ni kubwa mno. Anadhani ameuziwa bandia. Flashi ni nzima; daftari lake ndilo lisilo na safu ya kuandika namba kubwa kiasi hicho. Kamera inayorekodi kwa megabiti 50 kwa sekunde huufikia mpaka huo kabla ya dakika 12, kwa hiyo sherehe ya saa nne haiwezi kukaa humo kama faili moja kwa ubora huo.

NTFS ni ya Windows, tangu mwaka 1993. Ni imara, lakini kompyuta ya Apple huisoma tu. Bila programu ya nyongeza haiandiki humo. Nimemwona kijana akizunguka na diski ya namna hiyo siku nzima akiamini ina kirusi, kwa sababu alifungua kila kitu humo na hakuweza kuongeza hata herufi. APFS ni ya Apple, nayo Windows haiisomi yenyewe. Ext4 ni ya Linux. Windows na Apple haziisomi zenyewe. Hizi tatu zifae kwa diski isiyotoka nyumbani.

Kwa diski ya kuzunguka, ushauri wangu ni exFAT. Microsoft iliitoa mwaka 2006. Windows na kompyuta za Apple huisoma na kuiandika. Na baada ya Microsoft kuchapisha maelezo yake hadharani mwaka 2019, Linux nayo iliipokea rasmi. Ukomo wake wa ukubwa wa faili ni mbali kiasi kwamba hatutaufikia.

Lakini msiondoke hapa mkidhani haina dosari. NTFS na APFS zina njia za kujilinda kazi inapokatizwa katikati, kwa mfano umeme ukikatika. ExFAT ni nyepesi, haina kinga ya namna hiyo. Ukiichomoa wakati inaandika, daftari linaweza kuharibika na mafaili ya zamani yakapotea pamoja na jipya. Kwa hiyo bonyeza kwanza kitufe cha kuitoa salama, subiri uruhusiwe, ndipo uchomoe. Kwa sababu hiyohiyo, diski ya exFAT iwe ya kusafirishia. Isiwe mahali pekee pa kuhifadhia kumbukumbu za familia. Nakala nyingine ikae mahali pengine.

Runinga ina mambo yake. Baadhi husoma FAT32 pekee, nyingine husoma NTFS lakini si exFAT. Tazama kijitabu chake, au nenda dukani na flashi yako uijaribu kabla hujalipa.

Kwa upande wa ununuzi, mkikuta diski mbili zinazofanana, moja imeandikwa kwamba ni ya Windows na nyingine ya Apple kwa bei ya juu, muulizeni muuzaji tofauti ni nini. Mara nyingi ni namna ilivyofomatiwa tu, jambo ambalo unaweza kulibadilisha mwenyewe bila kulipa, mradi diski bado haina kitu au umekwisha kunakili vilivyomo.

Na mnapoandikiana na mpiga video, au yeyote atakayewakabidhi kazi kwenye diski, ongezeni sentensi moja katika makubaliano: kwamba diski itakuwa ya exFAT, na kwamba atatunza nakala yake hadi mteja aifungue na kuitazama kwenye kompyuta yake mwenyewe. Tena ifungueni palepale mnapokabidhiwa. Sisi hatukufanya hivyo.

Pale mezani nimeweka kompyuta mbili, moja ya Windows na moja ya Apple. Mwenye diski asiyojua mfumo wake asogee, tutautazama bila kugusa kilichomo. Anayetaka ibadilishwe leo, kwanza anionyeshe nakala ya vilivyomo.