Saa ya Mfukoni na Namna ya Kuisoma

Somo letu la leo ni juu ya kitu kidogo kinachoenea katika kiganja cha mkono, nacho ni saa ya mfukoni.

Ngome ya Kalenga ilipoangushwa mwaka 1894, wazee wetu walijua wakati kwa jua na kwa jogoo. Huko Ulaya saa za kuchukuliwa mwilini zilikuwa zimeanza kutengenezwa katika karne ya 16. Zile za kwanza zilikuwa na mkono mmoja tu, wala hazikwenda sawasawa. Mwaka 1675 Mholanzi Christiaan Huygens alieleza habari ya kamani nyembamba inayoongoza gurudumu la ndani. Tangu hapo saa zikaaminika. Lakini zilikuwa mali ya matajiri, mpaka mwaka 1867 fundi Georges Frédéric Roskopf wa Uswisi alipotoa saa rahisi ambayo hata kibarua aliweza kuinunua.

Vita ya 1914 mpaka 1918 ilieneza saa za mkononi, kwa maana askari hakuwa na nafasi ya kupapasa mfuko. Hata hivyo saa ya mfukoni hupendwa mpaka leo. Ile ya ufunguo haitaki betri. Fundi huifungua akaisafisha, na babu humwachia mjukuu.

Lakini saa usiyoweza kuisoma ni pambo tu. Sisi huhesabu saa tangu macheo. Saa za Kizungu huhesabiwa tangu usiku wa manane, na tena tangu adhuhuri. Tofauti ni saa 6. Mama akiandikiwa “8.00” katika kadi ya mtoto, naye akadhani ni saa nane, atafika zahanati mchana, watu wamekwisha kutawanyika, na mtoto hakuchanjwa.

Basi shikeni kanuni hii. Tazama mkono mfupi unaonyesha tarakimu gani, kisha soma tarakimu inayoelekeana nayo upande wa pili. Ukiwa kwenye 8, mkabala wake ni 2: ndiyo saa mbili yetu. Ukiwa kwenye 1, mkabala wake ni 7: saa saba.

Sasa chukueni kalamu. Chora duara, andika tarakimu 1 mpaka 12. Gari la Iringa huondoka “10.00” asubuhi. Je, ni saa ngapi kwetu? Mwonyeshe jirani yako jibu.

Kwaherini mpaka somo lijalo.