Tuta la Reli Iliyong'olewa na Misafara ya Baiskeli: Nafasi ya Tunduru

Mada hii inahusu misafara ya baiskeli, yaani safari ambazo watu kadhaa huendesha pamoja kwa siku moja au zaidi wakilala vijijini, pamoja na njia za reli ya zamani, yaani matuta ambayo, baada ya vyuma na mataruma kung'olewa, hugeuzwa kuwa njia za baiskeli na za waendao kwa miguu. Hispania imekuwa ikizigeuza reli zake zilizofungwa tangu 1993 kupitia mpango wa Vías Verdes, na New Zealand ilifungua mwaka 2000 njia ya Otago Central, yenye urefu wa kilomita 150 hivi, ambayo imevipatia vijiji vya mashambani soko la chakula na malazi. Kwa kuwa gari moshi halimudu mlima mkali, wahandisi wa reli hukata vilima na kujaza mabonde, na mwendesha baiskeli wa leo hufaidi ulaini wa mwinamo uliokusudiwa behewa lenye shehena.

Kusini mwa Tanzania lipo tuta la aina hiyo. Reli ya Kusini ilijengwa kwa ajili ya Mpango wa Karanga, yaani mradi wa kikoloni wa kilimo kikubwa cha karanga, ulioanza 1947 na kuachwa 1951; iliunganisha pwani na Nachingwea, ikapata tawi la Masasi, kisha ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na vyuma vyake vikang'olewa. Tunduru haikufikiwa, kwani Masasi iko karibu kilomita 200 mashariki yake, na ni vyema jambo hilo likubaliwe mapema ili mipango isijengwe juu ya reli ambayo haikuwapo. Msafara unaoanzia Mtwara unaweza kufuata alama za reli hadi kwenye milima ya mawe ya Masasi, lakini kutoka hapo hadi Tunduru hautakuwa na tuta la kuutegemea, bali barabara kuu na njia za vijijini.

Barabara hiyo sasa ni ya lami, nayo imeiondolea Tunduru adha kubwa ya masika, wakati magari yalipokwama kwenye tope. Hata hivyo, lami imeleta mwendo kasi, na anayeumia zaidi ni mtumiaji wa baiskeli ambaye hajawahi kuitwa mtalii: mkulima aliyefunga gunia la korosho kwenye keria kwa vipande virefu vya mpira wa ndani uliochakaa, ambaye kila akisikia lori nyuma yake hulazimika kushuka kwenye changarawe ya pembeni huku mzigo ukimvuta usukani. Njia yoyote itakayochorwa kwa ajili ya wageni na isimfae mkulima huyo haistahili fedha ya umma.

Uendeshaji wenyewe una masharti yake. Kiangazi, kati ya Juni na Oktoba, ndiyo majira yanayofaa. Wilaya ya Tunduru imo katika ushoroba wa Selous–Niassa, yaani mapito ya wanyamapori kati ya hifadhi za Tanzania na Msumbiji, na tembo hupita humo. Kwa hiyo msafara wa maporini hauna budi kuongozwa na askari wa wanyamapori wa vijiji, kama wale wa jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori ya Nalika, na kufika kambini kabla ya jioni. Fundi wa kijijini mwenye pampu, viraka na spoki alipwe kama mtoa huduma, kwa kuwa bila yeye safari haifiki.

Suala gumu zaidi ni ardhi. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, matumizi ya ardhi ya kijiji hupangwa na halmashauri ya kijiji na kuidhinishwa na mkutano mkuu wa kijiji. Hivyo kazi ya kwanza, kabla ya vibao na vipeperushi, ni kwa vijiji husika kuamua ni vipande vipi vya tuta na vya njia za zamani vitakavyobaki wazi, na vipi vimekwisha kuwa mashamba ambayo wenyewe hawapaswi kuondolewa.