Mchungaji, Hii Nayo ni ya Kweli?

Desturi yetu ni kuanza na fungu la Maandiko, lakini asubuhi ya leo naomba ruhusa nianze na picha.

Mwaka 2024 ilienea katika Facebook picha ya Bwana Yesu ambaye mwili wake umeundwa kwa kamba. Nasema kamba wale wa baharini, wanaoliwa, si kamba ya kufungia mbuzi. Alikuwa chini ya maji, amenyosha mikono, na kila upande wake ni miguu midogo midogo na mikia ya kamba. Ukiiona unaweza kucheka, au ukaona haya. Lakini chini ya picha za namna hiyo kulikuwa na safu ndefu ya majina, na kila jina limeandika neno moja tu: Amina.

Hakuna mchoraji aliyeketi akamchora Yesu huyo. Ilikuwa kazi ya mashine, ya akili bandia kama tunavyoiita. Mwaka huo huo watafiti wawili wa Marekani, Renée DiResta na Josh Goldstein, walichunguza kurasa 120 hivi za Facebook, kila moja ikiwa imeweka picha zisizopungua 50 za mashine. Wakakuta ya kwamba watu walikuwa wamezigusa, wamezijibu na kuzipeleka mbele mara mamia ya mamilioni. Wenye kurasa hizo wengine walitaka fedha, wengine walitaka kukusanya watu wengi ili baadaye wawauzie kitu au wawadanganye. Jina la Yesu lilitumika kwa sababu walijua kwamba mtu wa dini hapiti jina hilo bila kuitika.

Sasa mtaniuliza, ndugu zangu, ilikuwaje ukumbi uliojengwa kwa ajili ya picha za jamaa na rafiki ukajaa vitu hivi? Turudi nyuma kidogo.

Oktoba 2010, huko San Francisco, vijana wawili, Kevin Systrom na Mike Krieger, walifungua Instagram. Miongoni mwa picha za kwanza kabisa ilikuwa ya mbwa huko Mexico, na pembeni mguu wa mtu aliyevaa ndara. Basi. Mbwa na mguu. Mtu aliona kitu akataka mwenzake akione. Januari 2012 kampuni ya Kodak, ile iliyotuuzia filamu tangu enzi za babu zetu, iliomba hifadhi ya mahakama kwa kufilisika. Na Aprili mwaka huo huo Facebook ikainunua Instagram kwa dola bilioni moja, wakati ambapo ilikuwa na wafanyakazi 13 tu.

Hapo mwanzo picha zilikuja kwa kufuatana, ya sasa juu na ya jana chini yake, kutoka kwa watu uliochagua wewe. Mwaka 2016 wenye kampuni waligeuza mpango huo, na tangu hapo mashine ikaanza kuchagua uone nini kwanza. Mwaka 2020 zikaja video fupi za wageni. Juni 2021 mkuu wa Instagram, Adam Mosseri, akatangaza waziwazi kwamba wao si tena mahali pa kushirikishana picha. Mwaka 2025, katika kesi baina ya serikali ya Marekani na kampuni ya Meta, hesabu ikatolewa: katika kila dakika 100 ambazo Mmarekani anakaa Instagram, ni 7 tu anazotumia kutazama mambo ya rafiki zake. Na hesabu hiyo ilitolewa na kampuni yenyewe, kwa kujitetea!

Rafiki walikwenda wapi? Hawakufa. Walihamia vyumba vya ndani, katika ujumbe wa watu wawili, watatu, na vikundi vya jamaa. Waliona aibu kuweka picha ya ugali wao mezani pa watu waliopambwa kama maharusi. Mnaukumbuka mfano wa nyumba iliyofagiwa ikaachwa tupu, na nani walioingia baadaye. Sisemi mashine ni pepo. Nasema nyumba ilikuwa imekwisha kuwa tupu kabla haijaingia.

Na mashine yenyewe hufanya kazi namna gani? Nitaeleza kwa maneno ya kawaida. Hupewa picha za watu kwa mabilioni, pamoja na maneno yaliyoandikwa kando yake. Kila picha hutiwa kama vumbi, kidogo kidogo, hata isionekane tena, na mashine hujifunza kulipangusa vumbi hilo. Ikishahitimu, huanza na vumbi tupu, ambalo nyuma yake hapakuwa na picha yo yote. Wewe unasema, "Mama mzee amebeba keki," nayo inapangusa, inapangusa, mpaka mama mzee anatokea. Ana makunyanzi, ana machozi, na hakuna tumbo lililomzaa.

Kuna wanaosema picha zilikuwa zikidanganya tangu zamani. Ni kweli. Wale mlioishi pwani mtawakumbuka wapiga picha wa kivukoni Likoni, miaka ya tisini, pamoja na mapazia yao ya rangi. Ulisimama mbele ya meli au ndege ambayo hutaipanda maishani, ukatabasamu, ukapeleka picha nyumbani. Lakini mama yako alipoipokea hakuuliza habari za ndege. Alitazama kama umekonda. Pazia lilikuwa la uongo na wote tulijua, ila mtoto wake alikuwa amesimama pale kwa miguu yake.

Sasa naingia katika neno ambalo ni zito kwangu kulisema hewani.

Mwishoni mwa Septemba 2024 tufani iliyoitwa Helene ilipiga majimbo ya kusini-mashariki ya Marekani, na zaidi ya watu 200 walikufa. Siku chache baadaye ilizunguka picha ya msichana mdogo ndani ya mashua, analia, amekumbatia mtoto wa mbwa. Ilinifikia. Moyo wangu uliguswa nami nikaipeleka katika kikundi cha WhatsApp cha ushirika wetu, nikaandika, "Tumwombee mtoto huyu." Watu wakaomba. Mzee mmoja wa kanisa aliniambia kwamba aliamka usiku kwa ajili yake. Juma lililofuata kijana wa kwaya akanionyesha kwa upole kwamba msichana huyo hayupo. Ni vumbi lililopanguswa.

Nilijitetea. Nilisema hata kama yeye hayupo, watoto walioteseka wapo, kwa hiyo maombi hayakupotea. Wapo wengi waliojibu hivyo huko Marekani pia, walipoambiwa. Na huenda maombi hayakupotea. Sina ugomvi na rehema ya Mungu. Hasara ilikuwa mahali pengine, nami nilikuja kuiona miezi mitano baadaye.

Mama mmoja mjane wa ushirika wetu, anayekaa mbali kidogo na barabara, aliunguliwa na nyumba usiku. Hakuumia mtu. Asubuhi akapiga picha kwa simu yake: mabati yamejikunja, godoro jeusi, moshi bado unatoka. Akaituma katika kikundi kile kile bila maneno mengi, kwa maana hakuwa na nguvu ya kuandika. Kukawa kimya. Kisha mtu mmoja akauliza, "Mchungaji, hii nayo ni ya kweli?" Mwingine akasema moshi wenyewe umekaa vibaya. Mwingine akaweka kicheko. Mimi nilikuwa mkutanoni, simu imezimwa.

Siku mbili, wapendwa. Siku mbili mjane yule alilala kwa jirani, na watu wake wa kanisa walikuwa wakichunguza moshi.

Tomaso tumemlaumu sana mimbarini, hata jina lake limekuwa tusi. Lakini tazameni alichodai. Alitaka kufika karibu na kugusa alama za majeraha, naye alikubaliwa. Sisi tulitaka kuhukumu tukiwa tumekaa.

Wataalamu wanatafuta dawa. Mwaka 2023 Leica walitoa kamera inayotia ndani ya kila picha muhuri unaoonyesha ilipigwa na nini na lini. Mwisho wa mwaka 2025 Mosseri yule yule aliandika kwamba itakuwa rahisi zaidi kuzitia alama picha za kweli kuliko kuzisaka za uongo. Ni jambo jema, na liendelee. Ila simu ya mjane wetu ina kioo kilichopasuka, na muhuri wa namna hiyo haujamfikia.

Siku ya tatu nilikwenda mwenyewe, pamoja na mzee yule aliyemwombea msichana wa mashua. Tulimkuta mama akichambua misumari iliyonusurika, akiinyosha kwa jiwe. Nilimwomba msamaha. Alisema, "Karibuni, Mchungaji, ila hakuna kiti." Tukakaa chini. Baadaye mzee alitoa simu ili apige picha awapelekee wenzetu, na mama akamzuia kwa mkono wenye masizi. "Usiwapelekee," akasema. "Waambie waje."

Jumamosi walikuja kumi na wanane, na mmoja wao ni yule aliyeweka kicheko. Alibeba mabati manne kichwani kutoka barabarani.