Ngoma Haina Mgeni Rasmi

(Mazungumzo yaliyotolewa katika mkutano mkuu wa mwaka na harambee ya chama chetu)



Nimeombwa niseme machache juu ya safari yangu ya Juni mwaka jana. Nilitoka Tabora kwa basi, nikapita Nzega na Shinyanga hadi Mwanza, kisha nikaenda Kisesa, kwenye kilima cha Bujora. Hapo ndugu zetu Wasukuma, ambao lugha yao twaielewa bila mkalimani, hufanya sikukuu ya Bulabo kila mwaka. Pana pia makumbusho yaliyoanzishwa na Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada. Jengo la watemi lina umbo la kigoda, na ndani yake zimehifadhiwa ngoma zao.

Lakini kilichonishika ni mashindano ya uwanjani. Bagika na Bagalu hucheza kwa wakati mmoja, kila kundi upande wake. Watazamaji wakiona upande wa pili umechangamka zaidi, wanahama, na mwenye watu wengi ndiye mshindi. Niliona kundi moja limebakiwa na watoto tu. Mara mchezaji wao akatoka na chatu shingoni, na umati mzima ukawageukia. Pale hakimu ni miguu ya watu.

Mzee mmoja aliyesimama karibu nami akaniuliza, "Mwanangu, umetoka wapi?" Nikamjibu, Tabora. "Kwenu mnacheza nini?" Nikamtajia Manyanga. "Na siku hizi anapiga nani?"

Ndugu zangu, sikuwa na jibu. Babu yangu alikuwa mpigaji. Alipofariki mimi nilikuwa huku mjini nikitafuta maisha. Niliporudi nyumbani nikaikuta ngoma yake nyuma ya jiko, ngozi imepasuka, kuku ametotoa ndani yake. Nikacheka, nikaondoka. Pale Bujora sikucheka.

Sisi ni wajukuu wa wapagazi. Mizigo ya pembe ilipotoka Tabora kwenda Bagamoyo, safari ya miezi, ngoma ilitangulia msafara pamoja na kiongozi, na watu wakaimba njiani. Shambani pia majembe yaliinuka kwa kufuata ngoma. Kwa babu zetu ngoma ilikuwa sehemu ya kazi. Leo kwetu inamsubiri mgeni rasmi. Akichelewa saa tatu, wachezaji wanakaa juani saa tatu. Akifika, wanacheza dakika tano, wanapewa soda, wanarudi nyumbani. Kijana anayeyaona hayo atajifunza kwa faida gani?

Wenzetu wa Bujora hawana damu tofauti na yetu. Wana uwanja, wana siku inayojulikana, na wana mpinzani wa kushindana naye. Hivyo vitatu tunaviweza.

Kwa hiyo naunga mkono pendekezo la kamati: sehemu ya mchango wa mwaka huu iende kwenye siku moja ya mashindano ya ngoma nyumbani, kila mwaka baada ya mavuno. Wazee wanaojua kupiga walipwe nauli na posho ili wawafundishe vijana. Ngoma zilizopasuka ziwambwe upya. Najua wapo watakaosema zahanati na madawati kwanza. Sawa, na hayo tuyachangie. Lakini dawati tutalinunua hata miaka kumi ijayo. Mzee anayejua mapigo ya Manyanga hatutamnunua popote.

Siku hiyo isiwe na jukwaa kuu. Hata mkuu wa mkoa akija, tutamkaribisha kwa heshima zote, naye asimame na watu na kuhama nao.

Mimi naahidi ng'ombe mmoja. Nyama tutakula siku hiyo ya kwanza. Ngozi ni ya ngoma ya babu.