Sindano za Makunyanzi: Kabla Hujapanda Ndege Juba

Msikilizaji, kama umekaa Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Juba unasubiri ndege ya Nairobi, na moja ya shughuli zako huko ni kuondoa makunyanzi, tusikilizane kidogo.

Sindano hizi si za aina moja. Botox na Dysport hulegeza misuli. Zinafaa mikunjo inayotokea ukikunja uso au ukicheka, na hudumu miezi 3 hadi 4. Vijazio vya asidi ya hayaluroniki hujaza palipobonyea, kama mistari ya kutoka puani hadi mdomoni. Vikiingia kwenye mshipa wa damu vinaweza kuua ngozi, hata kupofusha. Uliza kama kliniki ina hayaluronidesi, dawa ya kuviyeyusha.

Bei nayo ina mtego: yuniti moja ya Botox si sawa na moja ya Dysport, usizilinganishe hivyo.

Na yule anayekuahidi kukuletea kichupa kwenye mkoba? Botox hutunzwa kwenye nyuzi 2 hadi 8. Machi 2024 Sudan Kusini ilifunga shule kwa joto lililotarajiwa kufika nyuzi 45. Mkoba si friji, jamani.

Mjamzito na anayenyonyesha wasubiri. Mwenye ugonjwa wa misuli au neva amweleze daktari mapema. Jina la daktari huyo litafute kwenye orodha ya baraza la madaktari la Kenya kabla hujalipa. Na ukishachomwa, ukipata shida ya kumeza au kupumua, nenda hospitali saa hiyo hiyo.